Dakika Mbili za Kuinuka

Jumapili ile ya kwanza baba mkwe wangu aliinuliwa mara kumi na moja, na kila mara aliyebonyeza alikuwa mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda koridoni, nyuma ya pazia, rimoti mkononi. Waya wake ulipita chini ya pazia mpaka sebuleni, kwenye kitanda. Sikumwona baba mkwe, naye hakuniona. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na mmoja. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani, na jina lake mkamwana halitaji. Siku hizi wengi wameacha. Wachungaji wameshahubiri juu yake, na vijana wa Tukuyu mjini wanakula meza moja na wakwe zao. Lakini baba mkwe wangu ana miaka themanini na sita, na mimi nilipoingia nyumba hii marehemu mama mkwe alinifundisha kupita nyuma ya migomba nikimsikia anakohoa njiani. Sikuona kuwa ni mzigo. Ilikuwa heshima, tena ya pande zote mbili, maana naye akisikia nakuja alikuwa anageuka kutazama upande mwingine.

Mzigo ulianza alipopooza upande wa kushoto.

Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani alituambia jambo moja akalirudia mara tatu. Mzee asile wala asinywe akiwa amelala. Ainuliwe, ale, kisha akae hivyohivyo nusu saa, kwa sababu koo lake limelegea na chakula kinaweza kushuka kwenye mapafu. "Kikiingia huko," alisema, "sidhani kama mtawahi kumrudisha kwangu."

Mume wangu Gidion akiwa nyumbani anaweza kumwinua. Lakini Gidion yuko kiwanda cha chai, na msimu wa mvua kiwanda hakijui Jumapili. Mchana nabaki peke yangu, mimi ambaye siruhusiwi kumgusa.

Ndipo shemeji yangu Hosea, anayeishi Mbeya, akatuletea kitanda. Kilikuwa cha hospitali, cha mtumba kutoka Ulaya, cha umeme. Ukibonyeza, sehemu ya mgongo inanyanyuka polepole. Chini yake kuna fimbo nene ya chuma inayorefuka na kufupika, ikisukumwa na mota ndogo iliyofichwa ndani ya boksi la plastiki. Nilipoiona ile fimbo ikirefuka mara ya kwanza nilipiga magoti koridoni nikamshukuru Mungu. Mzee angekula ameinuka, na mimi nisingevuka pazia ila kuweka bakuli, wakati yeye amejifunika uso kwa shuka.

Rimoti alipewa mzee mwenyewe kwanza. Akabonyeza kitufe cha mgongo na cha miguu kwa pamoja, akajikunja katikati kama kisu cha mfukoni, ikabidi Gidion aitwe mbio kutoka bafuni kuja kumnyoosha. Tangu hapo akasema mkono wake wa kulia ndio pekee uliobaki, nao ni wa kula na kusalimia watu, si wa kushika mashine. Rimoti ikaletwa kwangu. Na kwa kuwa hawezi kuniambia kitu mimi, akawa anakiambia kitanda.

"Kitanda, niinue."

Nabonyeza.

"Kitanda, nilaze."

Nabonyeza. Siku sita tulielewana vizuri sana, yeye na kitanda na mimi. Ya saba ikawa Jumapili, na wageni wakaja kutoka kanisani.

Baba mkwe hakubali kusalimiwa akiwa amelala. Anasema anayesalimiwa amelala ni maiti. Basi mgeni akifika, husimamishwa mlangoni hadi mzee ainuke, ndipo salamu zianze. Zikiisha, mgongo unamuuma, analazwa. Halafu anabisha mwingine. Angeweza kuwangoja wafike watatu wanne awasalimie kwa pamoja, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaona raha. Alitaka kila mmoja amwone anavyonyanyuka bila kushikwa na mtu. Wa kwanza alikuwa Mzee Amoni, rafiki yake tangu utoto na mzee wa kanisa mwenzake.

"Amoni, usinisalimie bado. Simama hapohapo utazame. Kitanda, niinue."

Nikabonyeza.

"He," Mzee Amoni akasema. "Kinasikia?"

"Kinasikia kuliko mkeo."

"Mke wangu amefariki, mwaka wa tisa huu."

"Ndiyo nasema."

Wakacheka wote wawili mpaka nikaogopa mzee atapaliwa. Kisha Mzee Amoni akataka kujua kama kinaweza kubeba wawili. Nikasikia chuma kinalia anapokaa. Kitanda kikaambiwa kilaze, kikaambiwa kiinue, na sauti ya mota ikawa nzito kama ya mtu anayepanda kilima na gunia la viazi.

Wageni wa kundi la kumi na moja walipomaliza kusalimia, nilibonyeza kulaza, pakawa kimya.

"Kitanda, nilaze."

Nikabonyeza tena. Kimya.

Lugano akaingia koridoni. Lugano ni mtoto wa baba mdogo wa Gidion, anaendesha bodaboda, na hakuna kitu duniani asichokijua. "Lete hapa, shemeji. Kidole chako kizito." Akabonyeza, akabonyeza, akaigonga rimoti kwenye paja, akasema umeme umekatika. Nikamwonyesha taa, inawaka. Akasema basi ni umeme mdogo. Baada ya nusu saa kitanda kikafanya kazi chenyewe, naye Lugano akawaambia watu sebuleni kwamba amekitengeneza.

Kesho yake nilimwomba Gidion aingie chini ya kitanda na tochi aandike kila alichokiona kwenye kibandiko cha mota. Alirudi na karatasi yenye namba na maneno ya Kizungu. Palikuwa na asilimia kumi, palikuwa na dakika mbili, alama ya mkwaju, na dakika kumi na nane. Niliikunja nikaiweka ndani ya daftari langu la umeme.

Ninasoma jioni. Niliishia darasa la saba, na nikiwa na miaka arobaini na tano niliona tangazo la kozi ya umeme wa majumbani mjini Tukuyu, saa kumi na moja hadi saa moja. Niliomba siku tatu kabla ya kujiandikisha. Darasani wote wananiita mama, hata Mwalimu Ezron, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Kipindi kilipoisha nilimpa karatasi.

"Hiki ni kitanda cha mgonjwa?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Kimekataa kazi jana, kisha kikarudi chenyewe."

"Kimefanya vizuri kukataa. Mota hii imeandikwa ifanye kazi dakika mbili, kisha ipumzike kumi na nane."

"Lakini hatujawahi kufika dakika mbili. Nimehesabu kwa saa. Kuinuka ni sekunde ishirini na nane."

"Huhesabu kuinuka kumoja, mama. Unajumlisha. Ndani ya dakika ishirini zozote, kuinuka kote na kulala kote, jumla isizidi dakika mbili. Mbili katika ishirini, ndiyo hiyo asilimia kumi."

"Sasa kwa nini walitengeneza mota mvivu hivyo?"

Akacheka. "Si mvivu. Ni ndogo, inasukuma mzigo mkubwa, tena imefungiwa kwenye plastiki bila feni. Joto linaingia haraka na kutoka taratibu. Zile kumi na nane ni za joto kutoka. Ndani kuna kinga inayokata ikizidi. Lakini usiitegemee kinga kila siku. Kila joto likifika pale, vanishi inayofunika waya inaungua kidogo. Mtakwenda hivyohivyo, siku moja itakata isirudi."

"Nyingine tutaipata wapi?"

Akatazama jina la kampuni kwenye karatasi, akaigeuza, akatazama nyuma ambako hapakuwa na kitu. "Hii hata Mbeya sijawahi kuiona, mama."

Nilipiga hesabu nikiwa nasubiri usafiri. Kuinuka ishirini na nane, kulala ishirini na sita, jumla hamsini na nne. Mara mbili kwa kila dakika ishirini, na sekunde kumi na mbili zinabaki. Ni hesabu ya darasa la nne. Nilifurahi, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu Ezron, na nilikuwa nimeshafika Matwebe karibu na nyumbani nilipokumbuka kwamba anayetoa amri za kuinuka ni mtu mmoja, na mtu huyo mimi siwezi kumwambia neno.

Nikamwandikia Gidion kila kitu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Asubuhi akaingia sebuleni kabla ya kwenda kazini, mimi nikasimama nyuma ya pazia.

"Baba, kitanda kinachoka."

Sikuandika kuchoka. Niliandika joto.

"Kinachoshwa na nini? Kinabeba mtu mmoja mgonjwa."

"Kinatakiwa kipumzishwe, baba. Kama maksai wa Usangu."

"Maksai hupumzishwa na mwenyewe. Umeona wapi maksai anamwambia mtu sasa basi?"

"Sijaona, baba."

Akatoka anatafuta viatu vyake vya mvua. "Nimemwambia," akasema.

"Nimesikia ulivyomwambia. Asilimia kumi iko wapi?"

"Ameelewa, mama Doreen."

"Ameelewa nini, Gidion?"

Akasema anachelewa zamu.

Nikamjaribu Mzee Amoni. Nilimngoja getini nikamweleza taratibu, dakika mbili, dakika kumi na nane, na kwamba wageni waje kwa pamoja. Aliitikia kwa kichwa kila neno kama anayesikiliza mahubiri, nikasema moyoni, asante Bwana, nimepata mtu mzima. Akaingia.

"Nimeambiwa kitanda chako kinaruhusu wageni wawili tu kwa dakika ishirini."

"Nani amesema?"

"Serikali," Mzee Amoni akasema.

"Serikali gani?"

"Ya Ulaya. Imeandikwa huko chini."

"Ulaya hawatembelei wagonjwa," baba mkwe akasema. "Ndiyo maana. Kitanda, niinue, huyu naye ana maneno."

Nikabonyeza, na Mungu anisamehe niliyoyawaza.

Nilijaribu pia kutobonyeza. Ilikuwa Jumatano, na dakika mbili zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya mwenye duka na watoto wake. Aliposema kitanda kiinue nikaweka rimoti chini nikaomba anyamaze. Akasema mara ya pili, na ya tatu. Kisha nikasikia chuma kinatikisika. Nilijua kwa kusikia tu: alikuwa ameshika ukingo kwa mkono wake mmoja anajivuta mwenyewe, pumzi inamkatika, mwili umeanza kuteleza upande wa kushoto kuelekea sakafuni. Nilibonyeza haraka.

Wiki hiyo nikapata akili nyingine. Niliwaomba akina mama wa kanisani kwamba wakija waimbe kwanza beti zote za wimbo mmoja, waombe, ndipo wamsalimie. Mzee wa kanisa hawezi kukatiza maombi. Alhamisi ilikwenda vizuri, dakika kumi na sita kwa saa yangu. Ijumaa wakaimba ubeti mmoja, mmoja wao akasema, "Tuimbe wote wa nini, tumekuja kuona kitanda." Nami nikaona haya. Nilikuwa nimemfanya Mungu saa ya ukutani, na hata hiyo saa haikuenda.

Jumapili ya pili nilijiandaa. Niliweka saa na daftari juu ya goti. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, nikategemea itazuia watu, lakini sikumhesabu Lugano. Wiki nzima alikuwa amehadithia kijiweni kwa bodaboda habari ya mzee anayeamrisha kitanda. Kutoka saa sita alikuwa analeta watu wawili wawili kwenye pikipiki, wameloa, na wengine walikuwa watu wa Isongole ambao hatuna nao undugu wowote.

Niliandika kila kuinuka. Mara ya tatu dakika mbili zilikwisha. Mara ya tano nikaandika na kupigia mstari. Mara ya sita mlio wa mota ukawa mzito, na harufu ikapita chini ya pazia. Niliijua. Siku moja darasani tuliunguza koili ya kengele, na harufu ilikuwa ileile, kama plastiki na sukari. Ilikuwa saa saba. Mzee alikuwa amelala chali, na uji wake ulikuwa jikoni unangoja.

"Kitanda, niinue. Huyu ametoka Isongole kwa ajili yangu."

Sikubonyeza. Lugano akafika nyuma yangu, akaichukua rimoti mkononi mwangu.

"Lugano, imepata joto. Iache."

"Shemeji, wewe unasoma kwenye daftari, mimi nashika spana."

Akabonyeza. Mota ikatoa sauti fupi, mgongo ukanyanyuka kidogo, kama upana wa kiganja, mota ikanyamaza. Akabonyeza tena na tena. Kisha akaingia sebuleni.

"Mzee, hizi mashine nazifahamu. Zina kitu kidogo ndani kinachokata umeme bila sababu. Unakiruka tu, unaunganisha waya kwa waya, haitakata tena. Nina bisibisi kwenye pikipiki."

"Kalete," baba mkwe akasema.

Nilisikia akitoka, nikasikia akirudi. Nikasikia magoti yake sakafuni na Mzee Amoni akisema amwache ajaribu, kijana ana mikono. Sebuleni palikuwa na watu kama kumi na watano. Hata mmoja hakuwa amesoma kile kibandiko. Kinga ikiondolewa kitanda kingeinuka leo, na pengine kesho, kisha mota ingeungua moja kwa moja, na mzee angenyweshwa uji akiwa amelala, na watu wenye upendo.

Nilimwomba Mungu atume mtu. Nilisubiri kidogo nione kama atatuma. Bisibisi ikaanza kukwaruza skrubu.

"Baba, mkataze," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa, pazia likiwa karibu na mdomo wangu. "Akiunganisha hizo waya mota itaungua, kitanda hakitainuka tena, na utapaliwa na uji. Mkataze."

Bisibisi ikaacha kukwaruza. Kilichosikika ni mvua kwenye bati. Katika miaka ishirini na mmoja hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake, na nililisema mbele ya wazee wa kanisa na watu wa Isongole. Enzi za mama mkwe wangu, mwanamke aliyefanya hivyo alirudishwa kwao kutafuta kuku wa kuombea radhi, na habari zake zilimtangulia njiani. Nilikaa kwenye kigoda na mikono kichwani. Nilikuwa na hasira na Lugano, na Gidion, na Mzee Amoni na serikali yake, na hata na Hosea aliyeleta kitanda.

"Lugano," baba mkwe akasema. "Toka huko chini."

"Mzee, skrubu moja tu imebaki."

"Hujasikia kilichosemwa?"

"Nimesikia, lakini aliyesema si ni shem..."

"Aliyesema ni kitanda."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Nikasikia Lugano akijikokota kutoka chini na kupangusa magoti.

"Kila siku nakiambia mimi," baba mkwe akasema. "Leo kimenijibu. Mnashangaa nini? Kitanda, endelea."

Sikujua niseme kama mimi au kama kitanda.

"Kina mota ndogo," nikasema. "Nina. Nina mota ndogo, baba. Nikifanya kazi dakika mbili lazima nipumzike kumi na nane. Si dakika mbili kwa kila mgeni. Dakika mbili kwa kuinuka kote na kulala kote."

"Gidion alisema unachoka."

"Sichoki. Napata joto. Joto likizidi nakata mwenyewe ili nisiungue. Hicho Lugano alichotaka kukiondoa ndicho kinachonikatia."

"Joto," akasema. "Kama homa."

"Kama homa."

"Gidion hakusema homa. Angesema homa ningeelewa. Mtu mwenye homa humpeleki shambani. Na serikali ya Ulaya?"

"Hakuna serikali, baba."

"Amoni, umesikia?"

"Nimesikia," Mzee Amoni akasema. "Mimi niliambiwa getini, kulikuwa na upepo."

"Sasa, kitanda. Hivi tulivyo, bado dakika ngapi?"

Nikatazama saa. "Kwa kawaida kumi na tano. Lakini leo nimepewa kazi mara tatu ya uwezo wangu. Afadhali saa nzima. Na sijui kama nitaamka."

Nilisikia shuka likivutwa. Mgeni wa Isongole, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni ameloa, akauliza kwa adabu kama asubiri hiyo saa nzima au aende.

"Nisalimie tu," baba mkwe akasema. "Lakini geukia ukutani."

Yule mtu akageuka, akamsalimia mzee akiwa anatazama kalenda. Waliofuata wakafanya hivyohivyo, mmoja mmoja. Salamu zilikuwa fupi, na kabla ya saa nane sebule ilikuwa tupu. Akabaki Mzee Amoni, aliyesema anangoja mvua ipungue.

Ile saa nzima nilikuwa naomba. Sikuomba vizuri. Niliomba kama mtu anayegombana, nikimkumbusha Mungu kwamba mzee huyu amemtumikia miaka sitini, na kwamba mimi nimekwenda shule uzeeni kwa ruhusa Yake, na kwamba kama elimu niliyoipata haiwezi kuokoa hata bakuli moja la uji basi anieleze ilikuwa ya nini. Nilipasha uji mara mbili. Mara ya tatu nikasikia kutoka sebuleni, kwa sauti ya chini:

"Kitanda. Saa imetimia?"

"Imetimia."

"Basi jaribu."

Nilibonyeza. Hakuna kilichotokea. Nikaachia kidole, nikapumua, nikabonyeza tena, na ile fimbo ya chuma ikaanza kulia taratibu. Nilihesabu mpaka ishirini na nane. Nilihesabu kwa sauti, nadhani, kwa sababu Mzee Amoni alisema "Amina" mwishoni. Baba mkwe akajifunika uso, nikaingia nikaweka bakuli, nikatoka. Nikasikia kijiko. Hakupaliwa.

Sasa wageni wanaonana naye saa kumi alasiri, wote kwa pamoja, na utaratibu ameutangaza yeye mwenyewe kanisani kupitia Mzee Amoni, ambaye aliutangaza sawasawa kwa sababu safari hii nilimwandikia na kumsikiliza akiusoma. Mota inafanya kazi. Lugano hakaribii kitanda, ingawa kijiweni anasema ni yeye aliyegundua tatizo.

Ningekuwa nimepumzika, ila baba mkwe amegundua kwamba kitanda kinajibu.

"Kitanda, zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

"Jana saa hizi zilikuwa tisa."

"Jana uliinuka mapema."

"Unanipunja."

Hivyo kutwa nzima. Anauliza kama uji una maziwa. Anauliza kwa nini kuku wa Mzee Amoni wako kwetu. Anauliza mjukuu wake Doreen alipiga simu lini na alisema nini, na nikieleza anasema nimeacha kitu. Nimeketi koridoni na kazi ya darasani mapajani, siku ya tatu nachora mchoro mmoja wa taa ya ngazi, na kila nikiweka rula naitwa kwa jina la samani.

Alhamisi nilikuwa nimevaa viatu na daftari liko kwapani. Gidion alikuwa ametoka zamu, anakula. Bodaboda ilikuwa nje, inanguruma.

"Kitanda, unakwenda wapi kila jioni?"

Nikasimama. Hakuwahi kuliuliza hilo.

"Shule, baba."

"Wanafundisha nini huko?"

"Umeme. Leo ni taa moja yenye swichi mbili. Unawasha chini ya ngazi, unazima ukifika juu."

"Itawezekanaje? Ukizima juu, wa chini atawashaje?"

"Nitakueleza nikirudi, baba. Gidion atabaki na rimoti."

"Gidion hajui hata homa ni nini," akasema. "Nieleze sasa. Mimi na wewe tuna dakika kumi na nane."

Bodaboda ikapiga honi. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikafungua daftari, nikaanza na waya wa kwanza.